Lori hupimwa uzani Gilgil, wewe ulipimwa lini?

MSOMAJI, ukitoka Nairobi kuja Nakuru kwa barabara kuu, ukifika Gilgil utaona malori yamepanga mstari kwenye mizani. Lori la mizigo halitakiwi kupita pale kabla uzani wake haujajulikana. Dereva atakutajia tani za shehena yake bila kusita. Lakini muulize yeye mwenyewe ana kilo ngapi. Atacheka, ajipapase tumbo, kisha akisie.

Wengi wetu ni kama dereva huyo. Tunajua bei ya gunia la viazi kutoka Molo, tunajua gari letu linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, lakini hatujui uzani wetu, wala upana wa kiuno, wala kiasi cha sukari kilichomo katika damu yetu. Siku nyingi jambo hilo halitudhuru. Siku ya kiharusi hudhuru.

Tuseme ni Jumapili jioni, huko kwenu Section 58, Kiamunyi au Lanet. Baba yenu ana umri wa miaka 58. Amekula vizuri, ameketi kutazama habari. Ghafla kikombe cha chai kinamponyoka mkononi. Mdomo umekwenda upande. Anataka kusema neno lakini ulimi mzito, hakuna anayemwelewa. Mnamwita jirani mwenye gari, mnambeba watu wanne, mnafika hospitalini. Mlangoni mnaulizwa maswali matatu. Hali hii ilianza saa ngapi? Mzee ana ugonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, na anatumia dawa gani? Na je, ana kilo ngapi?

"Mama, baba ana kilo ngapi?" unamgeukia mama. Naye anakutazama tu.

Huenda ukadhani swali hilo la tatu ni la kujaza fomu. Sivyo hata kidogo.

Kilo na kipimo cha dawa

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu. Mara nyingi sababu ni donge la damu iliyoganda likaziba mshipa. Mara nyingine mshipa wenyewe hupasuka na damu ikamwagika ndani ya ubongo. Huku Afrika aina hii ya pili ni nyingi kuliko ilivyo Ulaya, na chanzo chake kikubwa ni shinikizo la damu lililoachwa bila kutibiwa. Kwa kumtazama mgonjwa tu, hata daktari mzoefu hawezi kusema kwa hakika ni aina gani. Lazima kichwa kipigwe picha kwa mashine ya CT.

Picha ikionyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika, kuna dawa ya kuyeyusha donge. Inaitwa alteplase. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kuwa wazima au karibu wazima baada ya miezi mitatu. Mwaka uliofuata dawa iliidhinishwa huko. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ulithibitisha kwamba inaweza kusaidia hadi saa 4 na nusu. Baada ya hapo, kwa wagonjwa wengi hatari huzidi faida.

Na hatari ipo. Katika utafiti ule wa 1995, wagonjwa 6 hivi katika kila 100 waliopewa dawa walivuja damu ubongoni kiasi cha kuzidiwa. Ndiyo sababu kipimo chake hakikisiwi. Mgonjwa hupewa miligramu 0.9 kwa kila kilo ya mwili wake. Sehemu ya kumi hudungwa mara moja, iliyobaki hutiririshwa polepole kwa muda wa saa nzima. Mtu wa kilo 70 atapata miligramu 63. Sasa chukua mtu wa kilo 80 ambaye jamaa zake wamekisia kuwa ana 95. Badala ya miligramu 72 atapewa zaidi ya 85, nazo ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ndani ya kichwa ambacho tayari kimejeruhiwa. Akikisiwa kuwa mwepesi kuliko alivyo, donge huenda lisiyeyuke.

Hospitali kubwa za nje zina vitanda vyenye mizani ndani yake. Kwetu vitanda hivyo ni adimu, na mgonjwa aliyepooza upande mmoja hawezi kusimama kwenye mizani ya kawaida. Daktari hubaki na macho yake na neno la jamaa. Basi neno hilo liwe la kweli.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazito hawaelezwi mara nyingi. Dawa hii ina kikomo. Hata uwe mzito namna gani, hupewi zaidi ya miligramu 90, kipimo cha mtu wa kilo 100. Mwenye kilo 120 angestahili 108 kwa hesabu ya kawaida, lakini atapata 90 zilezile, yaani miligramu 0.75 kwa kila kilo. Kikomo hicho kimewekwa kwa usalama wake. Dawa mpya zaidi iitwayo tenekteplase, ambayo Marekani iliidhinisha kwa kiharusi mwaka 2025, nayo hupimwa kwa kilo na ina kikomo chake. Faida yake ni kwamba hudungwa mara moja tu, hakuna saa nzima ya kutiririsha.

Hapa Kenya dawa hizi ni ghali na hutolewa katika hospitali chache. Lakini usiseme basi haituhusu. Kati ya Molo na mjini Nakuru ni mwendo wa kilomita 45 hivi, na kati ya Nakuru na Nairobi ni 160. Wataalamu walikokotoa mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, seli milioni 1.9 za ubongo hufa kila dakika. Ukiondoka nyumbani mapema, saa 4 na nusu zinatosha. Ukianza kwa kumkanda mafuta, kisha kumwita mwombezi, kisha kungoja kupambazuke, hazitoshi.

Kitambi hupigana na dawa

Sasa tuje kwenye kitambi, mali ambayo wanaume wa mji huu huibeba kwa fahari. Kwa miaka mingi mtu akinenepa tumemsifu: umenawiri, maisha yamekukubali, bibi anakutunza. Aliyekonda tumemhurumia. Sifa hizo zimetuponza.

Mafuta yaliyo chini ya ngozi, kwenye mapaja na makalio, hayana ukorofi mkubwa. Mafuta mabaya ni yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo. Hayo hayakai kimya. Hutoa kemikali zinazopandisha shinikizo la damu, zinazofanya insulini ishindwe kufanya kazi yake ya kuondoa sukari katika damu, na zinazofanya damu iwe nyepesi kuganda. Moja ya kemikali hizo kazi yake hasa ni kuzima ule uwezo wa mwili wa kuyeyusha damu iliyoganda. Alteplase imetengenezwa kwa kuiga uwezo huo huo wa mwili. Kwa hivyo daktari anapoitia dawa mshipani, huikuta kemikali ya kitambi ikiisubiri iizime.

Watafiti wa Uhispania walichapisha mwaka 2008 matokeo yanayokubaliana na jambo hili. Walifuatilia wagonjwa walioziba mshipa mkubwa wa ubongo wakapewa dawa. Wale waliokuwa na mkusanyiko wa matatizo ya kitambi, sukari, shinikizo la damu na mafuta mabaya kwa pamoja, madonge yao yalikuwa magumu zaidi kuyeyuka.

Utajuaje kama wewe ni mmoja wao? Chukua futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa. Jizungushe tumboni, katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta pumzi ndani ili uonekane mwembamba. Mwanamume akipita sentimita 94, mwanamke akipita 80, ajue ameingia eneo la hatari. Usipokuwa na futi, chukua uzi. Pima kimo chako, ukunje uzi huo mara mbili, kisha ujaribu kuuzungusha kiunoni. Usipokutana, tumbo limezidi.

Kiuno kinasema kweli zaidi ya mizani. Utafiti mkubwa uitwao INTERSTROKE, uliochapishwa mwaka 2016 baada ya kuhusisha karibu watu 27,000 katika nchi 32, jirani zetu Waganda wakiwemo, ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban visa 9 katika kila 10 vya kiharusi. La kwanza ni shinikizo la damu. Unene nao umo, lakini watafiti waliupima kwa kulinganisha kiuno na nyonga. Kumbe mtu wa kilo 75 mwenye miguu myembamba na tumbo la mviringo anaweza kuwa katika hatari kuliko mama mpana wa kilo 85 ambaye uzani wake umegawanyika mwili mzima.

Sukari siku ya tukio

Hospitalini, jambo la kwanza mgonjwa wa kiharusi anapaswa kufanyiwa, hata kabla ya picha ya CT, ni kudungwa kidole na kupimwa sukari. Kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba sukari ikishuka mno huiga dalili za kiharusi. Mtu anayetumia insulini, aliyejidunga kisha asile, anaweza kupooza mkono na kupoteza usemi, naye hana donge lolote kichwani. Akirudishiwa sukari, huinuka.

Ya pili ni sukari iliyopanda. Sehemu ya ubongo iliyokosa hewa bado hujaribu kuunguza sukari, lakini bila oksijeni mabaki yake ni asidi, na asidi hiyo huua seli ambazo zingeokolewa. Isitoshe, mishipa iliyoloweshwa na sukari nyingi huvuja kwa urahisi, na hapo dawa ya kuyeyusha donge inaweza kugeuka kuwa chanzo cha damu kumwagika. Wagonjwa wanaofika na sukari ya juu hupona vibaya zaidi, iwe walijua wana kisukari au hawakujua.

Utauliza, si basi daktari aishushe sukari haraka? Hapo ndipo penye funzo. Utafiti uitwao SHINE, uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 1,151 na kuchapishwa mwaka 2019, ulilinganisha kushusha sukari kwa nguvu sana na kuidhibiti kwa kiasi. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na tofauti: karibu mgonjwa 1 katika 5 alipata nafuu nzuri katika kila kundi. Tofauti ilikuwa kwamba kati ya walioshushiwa kwa nguvu, wengine sukari ilianguka kupita kiasi. Ndiyo maana leo madaktari huridhika kuiweka kati ya 7.8 na 10 kwa vipimo vyetu vya hapa. Uharibifu uliofanywa na sukari kwa miaka kumi hauwezi kufutwa kwa sindano za usiku mmoja.

Nakuru ilipopimwa

Je, haya ni matatizo ya Wazungu? Zamani ungesema hivyo, na ungekuwa na ushahidi. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kwamba katika muda wa miaka miwili hivi kwenye hospitali ya Kavirondo Kusini, sehemu ambayo leo ni Kisii na majirani zake, wagonjwa 1,800 walilazwa na hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu.

Miaka sitini baadaye mambo yalikuwa mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi. Shinikizo lao la damu lilianza kupanda mapema, hata mwezi wa kwanza. Chumvi mwilini iliongezeka na potasiamu, inayopatikana kwenye mboga na matunda, ikapungua. Hawakuwa wamebadilika damu wala kabila. Walikuwa wamebadilisha sufuria.

Tanzania nako, uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiharusi kilipata watu 316 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, na 109 hivi katika wilaya ya Hai iliyoko mashambani. Jiji lilizidi shamba karibu mara tatu.

Na kwetu? Mwaka 2007 na 2008 watafiti wakiongozwa na daktari wa macho Wanjiku Mathenge walizunguka Nakuru, mjini na mashambani, wakapima watu karibu 4,400 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Shabaha yao hasa ilikuwa macho, lakini walipima pia damu, kilo na viuno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 hayakuwa ya kufurahisha. Nusu ya watu hao walikuwa na shinikizo la juu la damu. Watu 13 katika kila 100 walikuwa na unene wa kupindukia, na karibu 7 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Wakazi wa mjini walikuwa katika hali mbaya kuliko wa mashambani. Watu waliokuja kupimwa macho wakaonekana mishipa yao ndiyo yenye shida.

Mwaka 2015 serikali ilipima taifa zima, watu wa umri wa miaka 18 hadi 69. Mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wanawake 38 hivi katika kila 100, na wanaume 17, walikuwa wamezidi uzani unaofaa. Lakini takwimu iliyonishtua mimi ni nyingine: watu 56 katika kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu maishani mwao, na 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Rudi sasa kwa mzee wetu pale mlangoni mwa hospitali. Jamaa wakisema "hana kisukari", mara nyingi maana yake ni kwamba hajawahi kupimwa.

Ni kweli kwamba wanene hupona haraka?

Kuna habari ambayo huenda umeisikia, na wenye vitambi huipenda sana. Inasemwa kwamba baada ya kiharusi wanene huishi zaidi kuliko wembamba. Haikuzuliwa barabarani. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2013 uliona hivyo hasa: waliokuwa na uzani wa ziada walikufa wachache na walipata ulemavu kidogo zaidi.

Lakini soma na upande wa pili. Mwaka ulioufuata, watafiti wa Denmark walichambua kumbukumbu za wagonjwa wa nchi nzima, wakahesabu vifo vilivyosababishwa na kiharusi chenyewe katika mwezi wa kwanza. Hawakuona kinga yoyote ya unene. Waliona jambo jingine: kadiri mtu alivyokuwa mnene, ndivyo kiharusi kilivyompata akiwa na umri mdogo. Ukimlinganisha mnene wa miaka 55 na mwembamba wa miaka 75, ni ajabu gani wa miaka 55 akipona upesi? Umri ndio uliomsaidia. Amepata kiharusi akiwa bado ana watoto shuleni.

Hata hivyo ndani ya habari ile mna ukweli unaofaa kushikwa. Aliyekonda mno huwa hana akiba. Utafiti wa kimataifa uitwao FOOD ulionyesha mwaka 2003 kwamba wagonjwa waliofika hospitalini wakiwa na utapiamlo walikufa zaidi na kubaki na ulemavu zaidi. Baada ya kiharusi mwili hula misuli yake wenyewe, hasa upande uliopooza. Kwa hivyo wiki za mwanzo si wakati wa kumnyima mgonjwa chakula ati apungue. Nimeona jamaa wakimlisha mzee uji mwepesi na maji ya matunda kwa mwezi mzima kwa sababu "daktari alisema ni mnene". Mzee hupungua, naam, lakini kinachopungua ni paja la kusimamia. Apewe mayai, maharagwe, maziwa, samaki, nyama isiyo na mafuta, kwa kiasi. Kupunguza tumbo kutafuata akishaanza kutembea.

Mzigo unaobebwa nyumbani

Baada ya hospitali kazi inarudi nyumbani, na hapo kilo huhesabiwa kwa migongo ya watu wengine. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo atapata vidonda vya mgongo na makalio. Mwenye kilo 60 anaweza kugeuzwa na binti yake. Mwenye kilo 110 anahitaji watu wawili au watatu, na saa nane za usiku nani atapatikana? Mara nyingi ni mama mwenyewe, naye ana shinikizo la damu lake.

Jifunzeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia namna ya kumgeuza kabla hamjatoka wodini. Tumieni shuka iliyokunjwa chini yake, mmvute nayo. Msimvute kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega hilo halina misuli ya kulishikilia na hutoka mahali pake. Mwili mzito ukining'inia kwenye bega moja huleta maumivu yanayoweza kumfanya mgonjwa akatae mazoezi miezi mingi.

Wala msiwe na pupa ya kumsimamisha. Utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano ulionyesha kwamba waliolazimishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza walipona kwa kiwango cha chini kuliko walioanza taratibu. Muda mfupi, mara nyingi kwa siku, ndio unaofaa. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa, lakini faida haikomi hapo.

Msikilizeni pia anavyolala. Mtu mnene anayekoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza kama aliyekata roho, kisha akashtuka akitweta, huwa anakosa hewa usiku. Ubongo unaojaribu kujitengeneza hauhitaji adhabu hiyo. Alazwe kwa ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo, na daktari aambiwe.

Kuhusu dawa, msitarajie kidonge kimoja kitakachoondoa yote. Mwaka 2016 utafiti uitwao IRIS uliwapa wagonjwa waliopona kiharusi, ambao hawakuwa na kisukari lakini insulini yao ilikuwa imeanza kushindwa, dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni. Katika wale waliopewa, 9 katika kila 100 walipata kiharusi kingine au mshtuko wa moyo. Katika wasiopewa, karibu 12. Ni ushahidi mzuri kwamba kurekebisha mwili unavyotumia sukari hulinda ubongo. Lakini dawa hiyohiyo iliwanenepesha baadhi yao, ikawavimbisha miguu na kuwavunjia mifupa wengine. Daktari atapima nani inamfaa. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa steji za matatu hazikupimwa kwa mgonjwa yeyote wa kiharusi.

Tunaoishi hapa hatuna kisingizio cha chakula. Managu, terere, sukuma wiki, maharagwe, nduma na viazi vitamu vimejaa Soko la Wakulima kwa bei nafuu kuliko sahani ya chipsi na soda mjini. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na soseji. Na kwa anayeweza, kuna njia ya kupanda Menengai.

Karatasi ya mlangoni

Leo jioni chukua karatasi. Andika jina la kila mtu mzima aliye nyumbani, kilo zake kwa mizani na si kwa kukisia, kimo, kiuno, shinikizo la damu, sukari kabla ya kula, na majina ya dawa zote anazotumia pamoja na kipimo chake. Mizani ipo katika karibu kila duka la dawa. Tia tarehe, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Chini yake andika hospitali iliyo karibu nanyi ambayo mashine yake ya CT hufanya kazi hata usiku. Piga simu uulize sasa, usingoje siku ya shida. Hakikisha pia kila mmoja amesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Upande wa nyuma andika hivi: uso ukipinda, mkono ukilegea, usemi ukivurugika, tazama saa na uandike. Akiamka tayari amepooza, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa yakaingia mapafuni. Usimpe aspirini kabla ya picha ya kichwa, kwa kuwa hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimwongezee vidonge vya shinikizo la damu. Chukua dawa zake zote kwenye mfuko, chukua karatasi hii, muondoke.

Ibandike ndani ya mlango wa kabati ya jikoni, mahali ambapo hata mgeni anaweza kuiona.